Uzazi wa bure uliolipiwa Kasulu

Serikali ilisema mjamzito asitozwe. Lakini utafiti uliofanywa wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, na kuchapishwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa, kati ya kila wanawake 10 waliojifungulia kwenye vituo vya afya, takriban 7 walilazimika kutoa fedha mfukoni. Nauli ndiyo iliyokula sehemu kubwa.

Pengo hilo kati ya ahadi na hali halisi lina historia ndefu. Enzi za ukoloni, Waha wa Kasulu na Kibondo waliandikishwa kama manamba, yaani vibarua wa mkataba, kwenda mashamba ya mkonge, huku kwao kukikosa barabara na huduma. Hospitali za misheni, kama Kabanga na Heri, zilibeba mzigo mkubwa wa matibabu.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, serikali iligeukia vijijini. Operesheni ya mwaka 1972 iliwahamishia wananchi wa Kigoma kwenye vijiji vya pamoja, kwa ahadi ya shule, maji na zahanati karibu. Matibabu yalikuwa bure, lakini uchumi ulipoyumba dawa ziliadimika. Kuanzia mwaka 1993 hospitali za umma zikaanza kutoza ada kwa awamu; wajawazito na watoto wa chini ya miaka 5 walisamehewa.

Kabla ya ada hizo, katika miaka ya dhiki ya uchumi, Hospitali ya Mkoa wa Kigoma, Maweni, ilionyesha njia. Dk Godfrey Mbaruku na wenzake walianzisha hatua 22 za gharama nafuu, wakitegemea zaidi nguvu za watumishi na jamii. Kati ya 1984 na 1991, vifo vya uzazi hospitalini hapo vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000.

Mbaruku alikuwamo pia katika utafiti wa Kasulu. Katika uchunguzi mwingine wilayani humo, wanawake walipoulizwa wangependa kujifungulia kituo cha namna gani, waliweka mbele lugha nzuri ya watoa huduma, dawa na vifaa.

Sasa Tanzania ina Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Ni hatua kubwa, na maskini wanaistahili. Lakini kadi ya bima haimfikishi mjamzito kituoni usiku, wala haijazi kabati la dawa. Bajeti ya bima iende pamoja na bajeti ya usafiri, dawa na watumishi wa vituo vya Kibondo na Kasulu, la sivyo maskini ataendelea kulipia alichoambiwa ni bure.