Rufiji: mafuriko na vifaranga wa samaki

Katika bonde la chini la Mto Rufiji, kusini-mashariki mwa Tanzania, kupanda na kushuka kwa maji ndiko huamua ni vifaranga wa samaki gani watakaonusurika mwaka huo. Mto huu hukusanya maji ya eneo la takriban kilomita za mraba 177,000 kupitia Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu. Zaidi ya nusu huletwa na Kilombero. Kwa kawaida mafuriko hufikia kilele mwezi Aprili, kisha maji hupungua hadi mwisho wa kiangazi.

Kambale mumi hungoja maji hayo. Mto unapofurika, wazazi huingia kwenye majani yaliyofunikwa na maji na kutaga mayai yanayonata kwenye mimea. Mayai huanguliwa baada ya siku moja au mbili, na vifaranga hukuta chakula tele: vijidudu vinavyozaliana katika nyasi zinazooza. Maji yakikaa wiki kadhaa, vifaranga hukua na kurudi mtoni au kubaki ziwani. Yakishuka ghafla, mayai hukauka juani, na waliokwisha kuanguliwa hunaswa madimbwini, wakawa riziki ya korongo na yangeyange.

Perege wa Rufiji, *Oreochromis urolepis*, wana mbinu nyingine. Jike huatamia mayai kinywani, hivyo mafuriko madogo hayamwangushi mara moja. Wanawe, hata hivyo, wanahitaji kingo zenye maji tulivu na ya kina kifupi.

Umuhimu wa mafuriko kwa samaki hawa unaonekana katika maziwa ya uwanda wa mafuriko, kama Zumbi, Ruwe na Utunge. Baadhi huunganishwa na mto karibu kila mwaka; mengine hufikiwa na mafuriko makubwa tu. Ziwa likikaa miaka bila kuunganishwa, samaki wapya hawaingii, maji hupungua na uvuvi hudorora.

Mwaka 1989 wanasayansi Wolfgang Junk, Peter Bayley na Richard Sparks waliyaeleza mafuriko ya msimu kuwa mapigo yanayoendesha maisha ya mito yenye nyanda za namna hii. Kilicho muhimu ni wakati yanapokuja, kimo chake, muda yanaokaa na kasi ya kushuka kwake.

Ruaha Mkuu umeonyesha upande wa pili: maji yanapokosekana. Tangu miaka ya 1990, baada ya maji mengi kuchepushwa kwa kilimo cha mpunga Usangu, sehemu ya mto ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha imekuwa ikikatika kiangazi. Viboko husongamana kwenye madimbwi yaliyobaki, kinyesi chao hula oksijeni ya maji, na aina za samaki hupungua.

Jambo jipya Rufiji ni Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022. Bwawa la umeme huelekea kushusha kilele cha mafuriko na kuongeza maji ya kiangazi. Ukuta wake wa zaidi ya mita 130 pia umeziba njia ya mikunga, ambao huzaliwa baharini na kupanda mto wakiwa wachanga. Kwa kambale wa chini ya bwawa, swali ni la kalenda: maji yanayoachiwa Agosti huzungusha mitambo sawa na yale ya Aprili, lakini hayamfikishi kwenye majani ya kutagia.