Saba Saba (7 Julai)

Saba Saba ni jina ambalo watu wa Afrika Mashariki wameipa tarehe 7 Julai, siku ya saba ya mwezi wa saba. Ni siku ya 188 ya mwaka, au ya 189 mwaka ukiwa mrefu. Tanzania huiadhimisha kama sikukuu ya taifa, na huko jina huandikwa zaidi kwa neno moja, Sabasaba. Kenya haikuiweka kamwe katika orodha ya sikukuu za serikali, lakini ni vigumu kupata huko siku nyingine ya kazi inayokumbukwa kwa uchungu kama hiyo. Tangu 2022 ni pia Siku ya Kiswahili Duniani.

Ajabu yake ni kwamba kusini mwa mpaka tarehe hii ilikuwa ya chama ambacho baadaye kilibaki peke yake katika siasa, na kaskazini ikawa ya watu waliotoka barabarani kukataa utawala wa chama kimoja.

Kuzaliwa kwa TANU

Jumatano ya tarehe 7 Julai 1954 wajumbe wa Tanganyika African Association (TAA) walikutana katika ofisi ya chama chao, New Street, Dar es Salaam, mtaa ambao leo ni Lumumba. Waliikubali katiba mpya na jina jipya: Tanganyika African National Union, TANU. Waasisi hutajwa kuwa 17. Katiba yenyewe ilifuata sana ile ya Convention People's Party ya Kwame Nkrumah, na wito wa chama ulikuwa Uhuru na Umoja.

Chama hicho hakikuota usiku mmoja. TAA kilianzishwa mwaka 1929, Kleist Sykes akiwa miongoni mwa waanzilishi, na kwa muda mrefu kilikuwa chama cha makarani, walimu na wafanyabiashara wa mijini waliojali ustawi wao kuliko kumwondoa mkoloni. Vita vya Pili vya Dunia vilibadili hali hiyo. Vijana waliopelekwa Burma na jeshi la King's African Rifles, wakiwamo wana wawili wa Kleist, Abdulwahid na Ally, walirudi na maswali ambayo baba zao hawakuyauliza hadharani. Kisha mwaka 1951 serikali ikawahamisha Wameru wa Ngare Nanyuki kwa nguvu ili ardhi yao wapewe walowezi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alikwenda Umoja wa Mataifa, New York, kuwasilisha malalamiko ya watu wake. Hakurudishiwa ardhi, lakini Watanganyika waliona kwamba dunia ina mlango unaoweza kubishwa.

Julius Nyerere, mwalimu wa Pugu aliyetoka kumaliza masomo Edinburgh, alichaguliwa rais wa TAA mwezi Aprili 1953 akishindana na Abdulwahid Sykes. TANU ilipoanza, kadi namba 1 ilikuwa yake, namba 2 ya Ally Sykes na namba 3 ya Abdulwahid. Kwa miaka mingi vitabu vya shule vilimweka Nyerere mbele na kuwapita wenzake haraka. Mwanahistoria Mohamed Said, kwa kitabu chake kuhusu Abdulwahid Sykes kilichotoka London mwaka 1998, ndiye aliyeyarudisha majina ya wenzake hao kwenye mjadala. Si kila mtu anakubaliana na uzito anaompa kila mmoja, lakini anayeandika leo habari za 1954 bila kuwataja wazee wa mitaa ya Gerezani na Kariakoo, Dar es Salaam, anaandika nusu.

Chama kilienea kwa Kiswahili. Bibi Titi Mohamed, aliyejulikana mjini kama kiongozi wa kikundi cha ngoma cha wanawake kabla ya kujulikana kama mwanasiasa, alitumia mtandao wa vikundi hivyo kuwaingiza wanawake kwa maelfu. Katika uchaguzi wa 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru.

Kutoka chama hadi maonesho

Mwaka 1965 Tanzania ikawa nchi ya chama kimoja kisheria, na Sabasaba ikawa siku ya mikutano, gwaride na hotuba. Tarehe 5 Februari 1977 TANU iliungana na Afro-Shirazi Party ya Zanzibar kuunda Chama cha Mapinduzi. Chama chenye siku yake kikawa hakipo tena, lakini siku ikabaki kwenye kalenda. Ikaadhimishwa kama Siku ya Wakulima, mpaka wakulima nao wakahamishiwa tarehe 8 Agosti, Nane Nane, katika miaka ya 1990.

Waliobaki na Sabasaba ni wafanyabiashara. Maonesho ya Biashara ya Kimataifa ya Dar es Salaam, ambayo mwaka 2024 yalifanyika kwa mara ya 48, huandaliwa na mamlaka ya biashara ya serikali, TanTrade, katika Viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa, Temeke. Huanza mwishoni mwa Juni na kuivuka tarehe 7 Julai. Mkazi wa Dar akisema anakwenda Sabasaba, maana yake anakwenda huko: kuona samani za Magereza, banda la Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), matrekta, mashine za kukamua alizeti, simba wa Wizara ya Maliasili ndani ya kizimba, na kuwanunulia watoto koni. Wengi wao hawakumbuki kabisa mkutano wa New Street, wala hakuna haja ya kuwalaumu. Sikukuu huishi kwa kile watu wanachokifanya siku hiyo.

Kamukunji, 1990

Nchini Kenya Saba Saba ni jina la siku moja mahususi, Jumamosi ya tarehe 7 Julai 1990, na la kila maandamano yaliyoitwa kwa kumbukumbu yake.

Mwaka 1982 bunge lilikuwa limeingiza kifungu cha 2A katika katiba na kukifanya chama tawala, KANU, kuwa chama pekee halali. Mwaka 1988 ukafuata uchaguzi wa mlolongo, ambapo wapiga kura walipanga foleni nyuma ya mgombea au picha yake. Mara kadhaa foleni fupi ilitangazwa mshindi mbele ya macho ya waliopanga foleni ndefu. Ni vigumu kubuni njia bora zaidi ya kuwafundisha raia kwamba kura yao haihesabiwi. Kenneth Matiba, waziri na tajiri wa Murang'a, alijiuzulu mwishoni mwa mwaka huo akilalamikia wizi wa kura. Siku ya mwaka mpya 1990 mchungaji Timothy Njoya alihubiri Nairobi akiuliza kama yaliyozikumba serikali za Ulaya Mashariki hayawezi kufika Afrika. Februari waziri Robert Ouko aliuawa, na nchi ikachafuka.

Tarehe 3 Mei Matiba na Charles Rubia, aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Nairobi, waliitisha waandishi wa habari na kudai mfumo wa vyama vingi. Kisha wakaomba kibali cha mkutano wa hadhara katika uwanja wa Kamukunji, uwanja ule ule uliotumika kudai uhuru. Serikali ilikataa, na tarehe 4 Julai wote wawili wakawekwa kizuizini. Mwanasiasa wa upinzani Raila Odinga naye alikamatwa, pamoja na mawakili kadhaa akiwamo Gitobu Imanyara. Wakili mwingine, Gibson Kamau Kuria, alikimbilia ubalozi wa Marekani.

Mkutano ukawa umebaki bila waliouitisha, lakini watu walikwenda. Maelfu walielekea Kamukunji wakiinua vidole viwili, ishara ya vyama vingi, na matatu zikawaitikia kwa honi. Polisi na kikosi cha GSU waliwapokea kwa rungu, mabomu ya machozi na hatimaye risasi. Ghasia zilienea mitaani na katika miji ya karibu kwa siku kadhaa. Serikali ilikiri vifo vya watu wapatao 20. Wapinzani walisema ni zaidi. Zaidi ya watu 1,000 walikamatwa.

Rais Daniel arap Moi hakulegea papo hapo. Ilichukua kuundwa kwa vuguvugu la upinzani la FORD mwezi Agosti 1991 na wafadhili kusimamisha misaada mwezi Novemba, ndipo kifungu cha 2A kikaondolewa Desemba 1991. Matiba alipata kiharusi akiwa kizuizini na hakupona kabisa. Hata hivyo aligombea urais mwaka 1992 akawa wa pili nyuma ya Moi.

Tanzania ilifika huko kwa njia nyingine. Mapema mwaka 1990 Nyerere mwenyewe alikuwa ameanza kusema kwamba chama kimoja si amri ya Mungu, na sheria ya vyama vingi ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1992, bila Kamukunji yake.

Wakenya walirudi barabarani tarehe 7 Julai 1997 kudai mabadiliko ya katiba kabla ya uchaguzi. Safari hiyo polisi waliwafuata waandamanaji hadi ndani ya Kanisa Kuu la All Saints, Nairobi, na picha za waumini waliopigwa zilimlazimisha Moi kukubali marekebisho machache mwaka huo huo.

Tarehe hiyo kwingineko

Mwaka 1937 risasi zilizofyatuliwa usiku kwenye daraja la Lugou, karibu na Beijing, zilianzisha vita kamili kati ya Japani na China. Visiwa vya Solomon vilipata uhuru kutoka Uingereza mwaka 1978. Nigeria humkumbuka Moshood Abiola, aliyeshinda uchaguzi uliofutwa wa 1993 na kufa kizuizini tarehe 7 Julai 1998 huku watu wakitazamia aachiliwe. London, mwaka 2005, mabomu katika treni tatu za chini ya ardhi na basi moja yaliua watu 52, siku moja baada ya mji huo kupewa Olimpiki ya 2012. Kwa wapenzi wa mpira kuna fainali ya Kombe la Dunia ya 1974 mjini Munich, Ujerumani Magharibi 2, Uholanzi 1.

Siku ya Kiswahili Duniani

Tarehe 23 Novemba 2021 Mkutano Mkuu wa UNESCO mjini Paris ulitangaza 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, heshima ambayo hakuna lugha nyingine ya Kiafrika ilikuwa imepewa. Sababu iliyotolewa ni TANU ya 1954, iliyokifanya Kiswahili chombo cha kupigania uhuru. Lakini tarehe hiyo ina haki nyingine isiyotajwa mara nyingi: Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini Arusha mwezi Novemba 1999, ulianza kutumika tarehe 7 Julai 2000. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa nalo liliitambua siku hiyo kwa azimio la tarehe 1 Julai 2024.

Sherehe za Jumuiya huzunguka nchi wanachama: Zanzibar 2022, Kampala 2023, Mombasa 2024, Kigali 2025. Mombasa ilipokuwa ikipokea wageni wa lugha, vijana wa Nairobi walijaa Uhuru Park katika tamasha la kuwakumbuka wenzao waliouawa wiki chache kabla katika maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha. Mwaka uliofuata barabara za kuingia Nairobi zilifungwa kwa vizuizi vya polisi tangu alfajiri ya 7 Julai, na Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ikaripoti vifo zaidi ya 30 katika maandamano ya siku hiyo.