Pole na Kuuguza

Mdogo wangu alipovunjika paja kwa ajali ya bodaboda, pole zilizokuja kwangu zilikuwa nyingi kuliko zilizokwenda kwake. "Pole na kuuguza," waliniambia majirani, wenzangu kazini, hata yule mama muuza vitumbua wa pale kona asiyelijua jina langu. Mimi sikuwa na mchubuko. Lakini Kiswahili kina hesabu yake. Kijana anaugua, mimi nauguza, ukoo mzima umeuguliwa. Kitenzi ni kilekile, na kila kinaponyumbuliwa kinamwingiza mtu mwingine kwenye ugonjwa. Hata muuguzi wa wodini, mwenye cheo na sare, jina lake limetoka kwenye kazi waliyoifanya shangazi zetu bila cheti.

Hospitali za mjini kwetu zinaendeshwa kwa lugha mbili. Moja ni ya kwenye faili: kulazwa, kufanyiwa upasuaji, kuruhusiwa. Humo kupona kuna tarehe na muhuri. Ya pili ni ya watu wa getini wenye hotipoti mkononi, ambao ukiwauliza mgonjwa anaendeleaje hawakutajii tarehe yoyote. Watakuambia "hajambo kidogo", au "ana nafuu", au "leo kala". Leo kala! Hiyo ndiyo ripoti nzima, na aliyeuliza huondoka ameridhika.

Saa kumi jioni mlinzi alikuwa akifungua geti nasi tukiingia kama abiria wanaogombea daladala ya Mbagala. Mama alibeba supu ya makongoro kila siku, kwa imani kwamba mfupa huungwa na mfupa. Mguu wa mdogo wangu ulikuwa umetundikwa kwa kamba yenye uzito upande wa miguuni, ukisubiri zamu ya chumba cha upasuaji, ambako baadaye aliwekewa chuma. Siku moja akaja mjomba wetu, mtu wa swala tano, mkarimu, hana neno baya na mtu. Akageuza ndoo, akaikalia, akaanza: "Hata mtoto wa jirani yangu alivunjika hapohapo. Wakamweka chuma, kidonda kikaoza, mguu ukakatwa. Lakini wewe Mungu atakusaidia." Mdogo wangu akafumba macho na kujifanya amelala. Nilikuwa nimesimama karibu, nikaona kope zinacheza.

Florence Nightingale angemtoa mjomba nje kwa mkono wake mwenyewe. Katika kitabu chake cha uuguzi cha 1859, Mwingereza huyo alitenga sura nzima ya kuwasema wageni wa wagonjwa: wanaotoa matumaini wasiyoyaamini, wanaoagiza dawa wasizozijua, wanaomchosha mtu kwa kumhakikishia kwamba hana kitu. Kwake kelele ni ukatili. Mgonjwa apewe hewa safi, mwanga na utulivu, na mgeni akija alete habari njema ya jambo lililofanikiwa huko nje. Aliwasifu hata wanyama wadogo wa kufugwa kuwa wenzi wazuri wa mgonjwa. Nadhani kwa sababu paka hana cha kusimulia kuhusu miguu iliyokatwa. Na alijua anachokisema. Baada ya kurudi kutoka vita vya Crimea yeye mwenyewe alishikwa na maradhi yaliyomlaza kitandani miaka mingi, akiandika na kuagiza mambo akiwa chumbani.

Mwaka 1860 shule ya wauguzi ilifunguliwa katika hospitali ya St Thomas', London, kwa fedha zilizochangwa kwa heshima yake, na nidhamu ile ikasafiri na Waingereza kila walikokwenda. Muhimbili ilipofunguliwa 1956 iliitwa Princess Margaret Hospital. Vitanda kwa mstari, saa za kuona wagonjwa, na sista mkuu ambaye hata madaktari vijana walipunguza sauti akipita: hayo yote tuliyarithi. Mengine ni mazuri. Mjomba angeisoma sura ile, mdogo wangu angelala vizuri zaidi.

Ila Nightingale aliandika akiwa na picha ya nyumba yenye chumba cha mgonjwa peke yake na mtu wa kulipwa wa kuchemsha maji. Utulivu wake una mtu nyuma ya mlango. Kwenye wodi yetu mtu huyo ndiye mgeni mwenyewe. Niliwaona ndugu wakimwogesha mgonjwa, wakifua shuka, wakikimbilia duka la dawa ng'ambo ya barabara na karatasi mkononi, wakipiga simu kutafuta wa kuchangia damu kabla ya upasuaji. Ukiwafungia geti kwa jina la utulivu umefunga nusu ya wodi. Hospitali inawahesabu kama msongamano, huku kazi yake ikiwa imeegemea mabegani mwao.

Sasa turudi nyuma, kwa watu walioifikiria hospitali kabla ya Uingereza kuwa na Nightingale. Sultani Qalawun wa Misri, kabla hajatawala, aliugua akiwa Damascus, akatibiwa kwa dawa zilizotoka katika hospitali ya Nur al-Din ya mji huo. Inasimuliwa kwamba aliweka nadhiri: akipata ufalme, atajenga mfano wake. Akaupata, na mwaka 1284 ujenzi wa hospitali yake ukaanza katikati ya Cairo. Ibn Battuta, ambaye miaka michache baadaye angefika Mombasa na Kilwa, aliiona mwaka 1326 akasema hakuna awezaye kuzieleza sifa zake. Si mtu wa kukosa maneno, yule.

Wakfu wake uliwafungulia mlango wanaume na wanawake, tajiri na maskini, mwenyeji na mgeni. Gharama zilitoka kwenye mapato ya mali zilizofungwa kwa ajili hiyo tu. Lakini kinachonigusa zaidi ni habari ya mlango wa kutokea. Wanahistoria wanasimulia kwamba aliyepona hakutoka mikono mitupu: alipewa fedha na nguo, asilazimike kukimbilia kazini kabla mwili haujakaza. Mtu aliyebuni utaratibu huo alikuwa ameshawahi kuugua, au amewahi kumwona mchukuzi aliyepona Jumatatu akarudi kubeba magunia Jumanne.

Na kwetu? Septemba 2015 Mahakama Kuu ya Kenya, mbele ya Jaji Mumbi Ngugi, iliamua kwamba kuwazuia wanawake wawili waliojifungua katika hospitali ya Pumwani, Nairobi, kwa sababu ya deni la matibabu, kulivunja haki zao. Nikiziweka habari hizi mbili kando kwa kando, Cairo ya karne ya 13 na Nairobi ya juzi, najiuliza mlango wa hospitali umegeuzwa lini. Aliyepona alikuwa akisindikizwa na sarafu. Siku hizi huulizwa risiti. Sisemi hospitali ziishi kwa hewa, maana chuma kilicho pajani mwa mdogo wangu kilinunuliwa na mtu. Nasema tu kwamba fikra ya wakfu haikuwa ngeni pwani hii. Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyefariki 1897, alitoa mali yake ijengwe hospitali Dar es Salaam, na jina lake bado liko kwenye jengo la wodi pale Muhimbili. Wagonjwa hulitaja kila siku, "nimelazwa Sewa Haji", bila kujua wanamtaja mtu.

Siku ya kuruhusiwa kwetu ilianza saa mbili asubuhi na kuisha saa kumi na moja jioni, kati ya dirisha la malipo, dirisha la dawa na dirisha jingine la malipo. Mdogo wangu alikaa kwenye benchi la korido na magongo mapya, begi limefungwa, akiwa si mgonjwa tena wala si mzima. Tulipewa cheti chenye tarehe ya kurudi kliniki, na maelezo ya mazoezi yaliyosemwa upesi na mtu aliyekuwa akitazama foleni nyuma yetu. Kwenye faili alikuwa amepona.

Pwani ina desturi moja ya kupona yenye muda maalumu, nayo ni ya mzazi. Arobaini inajulikana: atakandwa kwa maji moto, atapikiwa uji wa pilipili manga, na mwenye haraka naye ataambiwa asubiri siku zitimie. Wachina nao humweka mzazi ndani mwezi mzima. Lakini aliyevunjika mguu hana arobaini. Wiki ya tatu mwenye pikipiki alishapiga simu kuuliza hesabu yake.

Ni wiki hiyohiyo kijana alipoacha kusema. Alikula, alijibu salamu, ila alikuwa akitazama feni. Mama akasema, "Huyu ana mawazo." Kwa Kiswahili cha mtaani hiyo ni kauli ya kidaktari kabisa. Mtu mwenye mawazo hana homa, lakini si mzima.

Washona wa Zimbabwe wana neno linalokaa kitako hapohapo: kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Kwao kufunga ni kufikiri. Sikio la Mswahili linasikia mlango umekomewa, na nadhani mwenye kufungisisa asingeona tafsiri hiyo kuwa mbaya. Neno hilo ndilo alilolichukua daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda wa Harare. Mgonjwa wake mmoja alijiua. Familia ilikuwa imekosa nauli ya dola 15 ya kumfikisha hospitalini. Mwaka 2006 Chibanda alianza kazi na mabibi 14 wa Mbare, kitongoji chenye msongamano, akiwafundisha kuketi na watu kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Alitaka kuliita benchi la afya ya akili. Mabibi wakamwambia hakuna atakayelikalia. Jina walilolikubali ni chigaro chekupanamazano, kiti cha kupeana mawazo, na hilo karibu halihitaji mkalimani. Mwaka 2016 matokeo ya utafiti uliohusisha watu 573 yalichapishwa: baada ya miezi sita, waliokaa na mabibi walikuwa na dalili chache kwa mbali kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi hilo limeshafika Malawi, Zanzibar, hata New York.

Nalipenda benchi la Harare kwa sababu linawasuluhisha Nightingale na mjomba. Linakubali kwamba mgonjwa anahitaji mtu, kisha linamfundisha mtu huyo cha kufanya na kinywa chake. Bibi wa Mbare haagizi wala hatabiri. Anauliza, anasikiliza, anamsaidia mwenzake kuchagua tatizo moja kati ya mengi na kuanza nalo. Sisi tumejaliwa watu. Mtu wa Dar akilazwa hapungukiwi wageni. Tulichokifanya ni kudhani kwamba kuja kunatosha, na serikali na hospitali zikadhani vilevile, kwa sababu wageni hawatumi ankara.

Ukitaka kuiona ankara hiyo, mtazame mama yangu. Ana genge la nyanya na mchicha. Wiki sita za wodini na nyumbani genge lilikuwa chini ya turubai, na mtaji ukaliwa kidogo kidogo na nauli. Wote waliompa pole na kuuguza waliitoa kwa dhati. Sikumsikia hata mmoja akiuliza nyanya. Tunaposifu undugu wetu mbele ya wageni, tukisema Waafrika hatumwachi mgonjwa, mara nyingi tunayemsifu ni mwanamke mmoja aliyefunga biashara.

Aliyekaribia kufanya kama Qalawun ni mtu wa kijiwe. Madereva wa bodaboda wa pale kwetu wana daftari la michango, gumu, lenye picha ya mchezaji wa mpira juu. Mweka hazina wao alikuja Jumapili jioni, akavua kofia ya chuma mlangoni, akampa mdogo wangu bahasha na daftari lenyewe atie sahihi. Najua tofauti yake na wakfu: mapato ya Qalawun yalitoka kwenye mali isiyochoka, na haya yametoka kwenye nauli za siku, kwa watu ambao yeyote kati yao anaweza kuwa wodini kesho. Mvua zikinyesha wiki nzima daftari hulala tupu.

Mdogo wangu hakuhesabu fedha. Alipitisha kidole kwenye majina, moja moja, midomo ikitembea. Akasimama kwenye moja. "Huyu naye katoa?" Ni kijana waliyegombana naye juu ya abiria, miezi miwili kabla ya ajali. Mweka hazina akasema, "Ndiye wa kwanza kutoa. Na anasema bado ulimwibia abiria."

Akacheka. Kicheko kilimuuma pajani, akashika mguu, akaendelea kucheka. Kisha akaomba magongo, akataka apelekwe barazani amjibu kwa simu, mahali penye mtandao.

Mama alikuwa jikoni. Akachungulia, akanitazama, akasema kwa sauti ya chini, "Leo kacheka."