EML: kiwango cha kura za mashine kilichoishia kuhesabu karatasi

Mwaka 2000 George W. Bush alishinda Florida, na kwa hiyo urais wa Marekani, kwa kura 537 tu. Wiki tano zilipita watu wakibishania kadi zilizotobolewa nusunusu. Miaka miwili baadaye bunge la nchi hiyo likapitisha sheria ya kuzisaidia serikali za majimbo kununua vifaa vipya, na wenye viwanda wakaona neema imeshuka.

Lakini kila mwamba ngozi huvutia kwake. Mashine ya kampuni moja iliandika jina la mgombea, namba ya kituo na hesabu ya kura kwa mpangilio ambao mashine ya kampuni nyingine haikuuelewa. Ofisi ya uchaguzi iliyonunua daftari la wapiga kura huku na mashine kule ililazimika kulipia programu ya tatu ya kuzipatanisha, la sivyo ibaki na muuzaji mmoja milele.

Tatizo hilo lilikwishaonekana kabla ya sheria hiyo. Mwaka 2001 OASIS, shirika la kimataifa la viwango vya data lisilotafuta faida, liliunda kamati ya masuala ya uchaguzi. Kazi yake ilizaa EML, namna ya kuandika taarifa za uchaguzi kwa XML, yaani maandishi ya kawaida ambayo mtu yeyote anaweza kuyafungua na kuyasoma. Kila hatua ikapewa namba: 110 ni uchaguzi wenyewe, 230 orodha ya wagombea, 330 daftari la wapiga kura, 440 kura iliyopigwa, 510 hesabu, 520 matokeo.

Ugumu haukuwa wa kompyuta. Ulikuwa wa sheria. Waingereza huweka alama mbele ya mtu mmoja. Waayalandi huwapanga wagombea kwa namba, wa kwanza, wa pili, wa tatu. Waholanzi huchagua jina ndani ya orodha ndefu ya chama. Tena karatasi ya kura ya Uingereza ina namba, ili mahakama ikiamuru, kura iweze kufuatiliwa hadi kwa aliyeipiga. Kwingineko kufuatilia hivyo ni mwiko. Kamati ikabuni tokeni: kura husafiri na alama inayothibitisha kuwa mpigaji ana haki, bila jina lake, na kila nchi huamua kama alama hiyo itaweza kurudishwa kwa mtu au la. Huo, kwa maoni yangu, ndio ufundi mkubwa wa EML. Udhaifu wake ni ule ule: kwa kutaka kutoshea kila nchi, ilinenepa.

Septemba 2004 Baraza la Ulaya lilitoa mapendekezo yake kuhusu kura za kielektroniki na kuitaja EML kwa jina. Ilionekana kama mashine zingeenea bara zima.

Halafu ikaja Uholanzi. Mwaka 2006 mdukuzi Rop Gonggrijp na wenzake walifungua mashine ya kupigia kura ya kampuni ya Nedap, iliyokuwa ikitumika karibu nchi nzima, wakaonyesha kuwa programu yake inaweza kubadilishwa kwa dakika chache. Kisha wakaifanya icheze sataranji. Mwaka 2008 serikali ikarudi kwenye karatasi na penseli nyekundu.

EML haikufa na mashine. Baraza la Uchaguzi la Uholanzi lilikuwa na programu ya kujumlisha kura na kugawa viti, nayo iliandika matokeo kwa EML ya Kiholanzi. Faili hizo hutolewa hadharani, zikionyesha kura za kila mgombea katika kila kituo. Mwanahabari au mwanafunzi anaweza kurudia hesabu nzima ya taifa akiwa mezani kwake. Programu yenyewe ilitiliwa shaka mapema 2017, hata waziri akaamuru hesabu ya mkono, amri iliyolegezwa baadaye. Marekani, kwa upande wake, ilitengeneza muundo wake kupitia NIST, taasisi yake ya viwango.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaijua kiu hii ya kujihesabia matokeo. Agosti 2022 tume ya uchaguzi ya Kenya iliweka mtandaoni picha za Fomu 34A, fomu za matokeo ya urais ya kila kituo, kutoka vituo zaidi ya 46,000, uwazi ambao nchi nyingi hazijaufikia. Lakini picha haijumlishiki. Vyumba vya habari viliajiri watu wa kunakili tarakimu moja moja, kila kimoja kikianza na fomu zake, na kwa siku kadhaa televisheni moja ilimwonyesha mgombea urais William Ruto akiongoza huku nyingine ikimweka mpinzani wake Raila Odinga mbele. Hakuna fomu iliyohitaji kughushiwa ili taharuki hiyo itokee. Kama kila picha ingeambatana na faili ya tarakimu zake katika muundo mmoja unaojulikana, wote wangejumlisha fomu zilezile, na mwenye shaka angefungua picha ya kituo anachokitilia shaka alinganishe.