Mtoto wa Mkulima Aliyekuwa Papa

Wakristo wengi wakisikia neno "utakatifu" huwaza habari za watu wa mbali: wakaa-pweke wa jangwani, au mashahidi waliotupwa mbele ya simba. Husema, "Sisi tu watu wa jembe na mzigo wa kuni, mambo hayo si yetu." Basi twataka kuwasimulia wasomaji wetu habari za mtu aliyezaliwa katika nyumba ya jembe, tupate kuona kama neno hilo ni la kweli.

Angelo Giuseppe Roncalli alizaliwa tarehe 25 Novemba 1881 katika kijiji cha Sotto il Monte, karibu na mji wa Bergamo, kaskazini ya Italia. Wazazi wake walilima shamba la mwingine, na mavuno waligawana na mwenyewe. Jioni ya siku ile ile mtoto akabatizwa. Nyumba yao ilijaa watoto, na mezani hapakuwa na mkate, ila ugali wa mahindi.

Mwaka 1895, alipokuwa katika seminari ya Bergamo, alianza kuandika katika daftari mambo ya roho yake. Hakuandika makubwa. Alijiwekea kanuni ndogo ndogo: kusali asubuhi, kuichungua dhamiri jioni, kuuzuia ulimi usiwaseme wengine. Na mara nyingi aliandika kwamba ameshindwa, naye ataanza tena kesho. Daftari hizo aliendelea nazo hata uzee wake.

Mwaka 1903 aliandika jambo ambalo latufaa sana. Alikuwa amejaribu kuwaiga watakatifu katika kila tendo lao, akaona hafanikiwi. Ndipo alipotambua kwamba yapasa kutwaa kiini cha fadhila zao, wala si sura ya nje; maana Mungu hamtaki mtu awe nakala kavu ya mwingine. Tuyafikiri hayo. Mama mwenye watoto wadogo hawezi kukesha kanisani kama mtawa. Lakini upendo ule ule aweza kuwa nao anapoamka usiku kumpa mtoto maji.

Alipata upadri mwaka 1904. Mwaka 1925 akafanywa askofu, akatumwa Bulgaria, nchi ambayo Wakatoliki wake walikuwa wachache na maskini. Akakaa huko karibu miaka 10. Katika daftari lake aliandika kwamba mateso yake hayakutoka kwa Wabulgaria, bali kwa wakubwa wa kazi za Kanisa lenyewe. Msomaji, hapo ndipo unyenyekevu hupimwa. Kuvumilia adui ni vigumu. Kuvumilia kutosikilizwa na watu wa nyumbani mwako ni vigumu zaidi. Naye alikuwa amechagua maneno mawili yawe alama ya uaskofu wake: Utii na Amani. Akayashika.

Toka mwaka 1935 alikuwa Uturuki na Ugiriki, na wakati wa vita kuu ya pili aliwasaidia Wayahudi waliokuwa wakikimbia kuuawa. Baadaye alitumwa Ufaransa, na mwaka 1953 akawekwa kuwa mkuu wa Kanisa la Venezia. Tarehe 28 Oktoba 1958, akiwa karibu kutimiza miaka 77, alichaguliwa kuwa Papa, akajiita Yohane XXIII.

Je, cheo kilimgeuza? Siku iliyofuata Noeli ya mwaka ule alikwenda katika gereza la Regina Coeli mjini Roma. Akawaambia wafungwa kwamba kwa kuwa wao hawawezi kumjia, yeye amewajia. Wala hakuona haya kuwasimulia kwamba ndugu yake mmoja aliwahi kukamatwa kwa kuwinda bila ruhusa. Ndugu zake walibaki wakulima. Hakuwatajirisha kwa mali ya Kanisa. Tena mwaka 1960 alimfanya Askofu Laurean Rugambwa wa Tanganyika kuwa Kardinali, Mwafrika wa kwanza katika nyakati zetu kupata daraja hiyo. Tarehe 11 Oktoba 1962 akaufungua Mtaguso wa Pili wa Vatikano.

Akafa tarehe 3 Juni 1963. Tarehe 27 Aprili 2014 akatangazwa kuwa Mtakatifu.

Basi tusidhani kwamba alipata utakatifu siku alipovikwa kofia ya Papa. Aliuanza katika daftari la mtoto wa shule, kwa kanuni ndogo, na kwa kuanza tena kila alipoanguka. Wazee wetu walisema, "Haba na haba hujaza kibaba." Jioni ya leo, kabla ya kulala, na tujiulize: nani tuliyemsema vibaya leo? Nani aliyetungoja tusimjie? Tukipata jibu, kesho tuanzie hapo.