Hojaji Iliyohojiwa Eldoret

Mwaka 2001 Kurt Kroenke, Robert Spitzer na Janet Williams walichapisha nchini Marekani utafiti kuhusu hojaji fupi ya kupima ugonjwa wa sonona, PHQ-9. Ina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, na kila jibu hupewa alama 0 hadi 3. Anayefikisha 10 kati ya 27 huangaliwa kwa makini.

Mwaka huohuo, Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi na Chuo Kikuu cha Indiana vilianzisha mpango wa AMPATH mjini Eldoret ili kutibu wenye virusi vya Ukimwi magharibi mwa Kenya. Dawa za kupunguza makali zilipofika, watu waliokwisha kukatiwa tamaa waliinuka vitandani. Lakini dawa hizo humezwa kila siku, maisha yote, na aliyevunjika moyo ni rahisi kuziacha. Madaktari wa akili walikuwa wachache mno kuzungumza na kila aliyepanga foleni. Hojaji ya dakika chache ingefaa sana, ikiwa kweli inapima sonona.

Hapo ndipo penye shaka. Swali la tatu ni la usingizi, la nne uchovu, la tano hamu ya kula. Mgonjwa anayetokwa jasho usiku kwa kifua kikuu anaweza kuzoa alama 9 katika hayo matatu pekee, bila kuwa na sonona hata chembe. Amebakiza moja tu afikie 10.

Kwa hiyo hojaji yenyewe ikawekwa kwenye mizani. Watafiti wa Indiana na Eldoret, Kroenke akiwa mmoja wao, waliwauliza wagonjwa 347, kisha wakawauliza tena baada ya wiki moja. Walichunguza kama majibu yanashikana, na kama anayesema afya yake ni mbaya ndiye pia mwenye alama nyingi. Matokeo yaliyochapishwa 2009 yaliipa hojaji kibali, na yakaonyesha dalili za sonona kwa takriban thuluthi moja ya wagonjwa hao.

Kazi kama hiyo hudaiwa na kila hojaji inayovuka mpaka. QuickDASH, iliyotolewa 2005 kupima uwezo wa mikono, huuliza kuhusu michezo ya kutumia nguvu, na gofu ni mfano mmojawapo. Mkazi wa mtaa wa Langas, Eldoret, aliyeungua mikono kwa mafuta ya taa akijibu kwamba gofu haimpi shida, je, amepona, au hajawahi kushika fimbo ya gofu? Alama itaandikwa ileile. Daktari atakayeiamini kabla ya kulipima swali anaweza kumruhusu aende nyumbani mtu asiyeweza kufunga kifungo cha shati.