Posho na Chungu: Jinsi Unyamwezi Ulivyopokea Wageni

Treni ya Reli ya Kati ikitoka Tabora kwenda Kigoma hupita Usoke kabla ya kufika Urambo. Abiria anayenunua karanga dirishani hana sababu ya kukumbuka kwamba nchi hii ya Unyamwezi imekuwa ikilisha wapita njia kwa karne mbili, na kwamba wengi wao hawakupita. Walibaki, wakalima, wakaoa, na wajukuu zao leo ni wenyeji wanaowauliza wengine wametoka wapi.

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapumzika Unyanyembe, yaani Tabora ya leo, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Hakuna msafara uliobeba chakula cha kutosha safari nzima. Tajiri alimpa mpagazi posho: kibaba cha nafaka kwa siku, au kipande cha kitambaa akajinunulie vijijini. Wajibu wake uliishia hapo, kwani posho mbichi si chakula. Wapagazi walijigawa katika vikundi vidogo, kila kikundi na moto wake na chungu chake. Mmoja alitafuta kuni, mwingine maji, mwingine alisonga ugali. Mwanahistoria Stephen Rockel, aliyeandika kwa kina habari za wapagazi, anaonyesha kwamba vikundi hivyo ndivyo vilivyokuwa moyo wa msafara, na kwamba wanawake nao walikuwemo safarini, jambo ambalo picha nyingi za zamani zinalificha. Njia hiyohiyo iliukuza utani, kama ule wa Wanyamwezi na Wazaramo. Mtani huchukua chakula chako bila kuomba, na huwezi kumshtaki. Kwa mtu aliye mbali na kwao, hiyo ilikuwa bima kubwa kuliko bunduki.

Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, kituo cha Unyanyembe, mwezi Novemba 1857 walikuta vijiji vyenye nyumba ya wanaume iliyoitwa iwanza. Humo wanaume walishinda, wakavuta tumbaku na kula pamoja, na msafiri aliweza kulala humo. Mgeni hakuanza kwa kumiliki nyumba wala shamba. Alianza kwa kunawa mikono na kukaa kwenye duara. Tusiipambe mno iwanza, hata hivyo. Mwanamke aliyetwanga mtama na kuupika hakukaa kwenye duara hilo, na wasafiri wa Ulaya, waliosifu au kuponda chakula chake, kwa kawaida hawakumuuliza jina.

Waarabu wa Tabora nao walikuwa na ukarimu wao. Msafiri Stanley alipofika Kwihara, karibu na Tabora, mwezi Juni 1871 aliletewa sinia la wali, bakuli la mchuzi wa kuku, mikate ya ngano, mapapai, makomamanga na ndimu, kisha ng'ombe watano, kondoo wanane na mbuzi kumi. Ni mapokezi ya kifalme. Lakini vyakula hivyo vilibebwa na watumwa, watu ambao nao walikuwa wageni Unyamwezi, wengi wao wametolewa magharibi ya Ziwa Tanganyika. Hao hawakukaribishwa na mtu. Wazao wa Wamanyema, kama walivyoitwa watu hao, waliobaki Tabora wameujenga mji ule kwa mikono yao, na historia ya ukarimu wake isiyowataja ina pengo.

Wengine walikuja na ng'ombe. Wafugaji wa Kitusi walikuwa wameingia Unyamwezi tangu karne hiyo, wakawachungia wenyeji mifugo na kunufaika kwa maziwa. Wengine walikuja na mikuki: Watuta, tawi la Wangoni waliokimbia vurugu za Afrika Kusini, ambao baadaye waliungana na mtemi Mirambo wa Urambo. Nao walikuwa wakimbizi, ingawa waliowakuta njiani hawakuwa na nafasi ya kuwaonea huruma.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii husemwa kwa utani, lakini mwaka 1972 Tanzania iliitekeleza neno kwa neno. Mauaji ya mwaka huo nchini Burundi yaliwaleta Wahutu kwa makumi ya maelfu. Serikali, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi na shirika la makanisa la TCRS waliwafungulia makazi: Ulyankulu, kaskazini ya reli hii ya Usoke na Urambo, kisha Katumba, na mwaka 1978 Mishamo. Familia zilipewa ardhi yenye msitu, na mgao wa chakula uliendelea hadi mavuno yalipotosha. Ulyankulu ilielemewa, maji yakawa haba, na maelfu wakahamishiwa Mishamo. Waliobaki walilima mahindi, maharage, mihogo na tumbaku. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alitunukiwa Nishani ya Nansen kwa sera hiyo.

Je, jembe lilitosha? Mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti katikati ya miaka ya 1980, alikuta Mishamo watu wanaojiona taifa lililo uhamishoni, huku Warundi waliojichanganya mjini Kigoma wakiwa wamejifanya watu wa palepale. Nadhani tofauti hiyo ina mengi zaidi ya kutufundisha kuliko nishani. Makazi yalimpa mkimbizi shamba lakini yalimweka peke yake na wenzake. Kilichowatoa katika upweke huo ni soko, kanisa na kilio: mahali unapopakuliwa sahani bila kuulizwa kitambulisho. Ulyankulu vijiji vilipangwa kwa barabara zenye namba, na Barabara ya 13 leo wengi wanaijua kwa kwaya yake ya Injili, si kwa habari za wakimbizi.

Jikoni mchanganyiko ni wa polepole. Mnyamwezi huunga kisamvu kwa karanga. Mrundi hukipenda kwa mawese ya Kigoma. Viazi vitamu vikizidi, wenyeji huvichemsha, huvikata vipande na kuvianika hadi viwe matobolwa, akiba ya miezi ya njaa. Anayelima huku hujifunza kuanika, na anayejifunza kuanika amepata jirani wa kumfundisha.

Linganisha makazi ya Warundi wa 1972 na kambi za Kigoma za miaka ya 1990 na baadaye, kama Nyarugusu. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 na kanuni ya kutovuka kilomita nne zilimfungia mkimbizi kwenye foleni ya unga, mbaazi na mafuta, mgao uliopunguzwa mara kadhaa. Masoko ya pamoja, ambako wanavijiji na wakimbizi waliuziana mihogo na samaki, yalifungwa. Posho ikarudi, safari hii bila mtani wala iwanza.

Wale wa 1972 walikuwa na bahati tofauti. Mwaka 2007 serikali iliwapa hiari ya kurudi Burundi au kuwa raia. Zaidi ya 160,000 walichagua uraia, kisha wakaambiwa wahame makazi na kutawanywa mikoani. Mpango huo ulikwama. Vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014, na wengi wao walivipokea wakiwa bado kwenye mashamba yaleyale.